Shajara ya mradi wa vibao vya miti, Muliro Gardens, Kakamega

Januari 11, Jumamosi

Leo ndio tumeanza. Tulikuwa tumesema saa mbili asubuhi tukaanza saa tatu na nusu, watu tisa, jembe nne, fyekeo tatu na wilbaro moja ya kuazima yenye gurudumu linalia njia nzima. Naandika haya ili tusipotee njiani, manake mambo ya kujitolea hapa mjini huanza na moto Januari na ikifika Machi grupu ya WhatsApp imebaki ya matangazo ya matanga na michango, na mtu akiuliza ule mradi uliishia wapi hakuna mwenye jibu.

Wazo lenyewe ni dogo. Kila mti mkubwa wa bustani upate kibao cha jina lake, kwa Kiswahili kama liko, kwa lugha za nyumbani, na lile la kisayansi chini kwa herufi ndogo. Halafu kila Jumamosi ya pili ya mwezi kuwe na kitu cha kufanya pale ndani, kufyeka, kumwagilia, hadithi, ngoma, chochote cha kumfanya mtu atoke kwake na mtoto wake aje.

Lilinijia hivi. Desemba nilikaa chini ya mti na vijana wawili wa chuo, mti wa yale maua mekundu yanayokaribia rangi ya chungwa, nikawauliza wanauitaje. Wakatazama juu. Mmoja akasema "si ni mti tu." Huo ndio wengi mjini wanauita Nandi flame, Kiswahili chake ni kibobakasi, na kukhu yangu, yaani nyanya, aliuita mutsulio. Tukiwa wadogo tulichuma yale maua yakiwa hayajafunguka, ukiyaminya kwenye ncha yanaruka maji kama bastola, ulienda shule shati limelowa na unanuka ule utomvu siku nzima. Hao vijana wamekaa chini ya huo mti miaka miwili. Si makosa yao, hakuna aliyewaambia.

Na kuna lingine linaloniuma. Ukitaja Muliro Gardens popote Kenya hii mtu anacheka kwanza, jina limekuwa la utani wa wapenzi kwenye nyasi. Mimi sina neno na wapenzi, bustani ni ya umma na wapenzi ni umma. Ila bustani inabeba jina la mtu mzito, mwanasiasa Masinde Muliro, na ina miti mizito na hakuna chochote kati ya hivyo kinachosemwa. Tutaanza na miti.

Januari 18

Tumehesabu. Miti mikubwa 41 kwa hesabu yangu, 38 kwa hesabu ya mwalimu mstaafu, kwa sababu yeye anasema shina likigawanyika chini ya kiuno bado ni mti mmoja na mimi nilikuwa nahesabu mawili. Tumekubaliana na yeye.

Murembe wa kule pembeni umewaka. Hauna jani hata moja saa hii, ni matawi yaliyopinda na maua mekundu yaliyosimama kama mishumaa, na chozi wamejaa juu wanapigania utamu wake, wale ndege wadogo wenye mdomo uliopinda. Nilisimama pale hadi nikasahau nilikuwa nimebeba reki ya watu.

Februari 8

Siku ya majina. Nitaandika kwa urefu kwa sababu ndiyo siku iliyotufundisha zaidi hadi sasa.

Tulialika wazee. Mwalimu mstaafu alileta wenzake wawili, na yule mama wa chai ya pale nje akaleta mama yake mzazi, kukhu wa miaka mingi kutoka Shinyalu, amevaa leso mbili na sweta juu na jua lile. Kazi ilikuwa kutembea mti hadi mti, wazee wanataja jina, mimi naandika, kijana wetu wa boda anapiga picha ya jani, gome na ua kama lipo. Nilidhani tutamaliza kwa saa mbili.

Mti wa kwanza ulienda sawa. Lusiola, maua ya njano, kila mtu akasema lusiola na fundi seremala akaongeza kwamba Wajaluo wanauita siala, na kwamba mchwa wanauogopa ndio maana wazee walijengea nyumba na ua. Wa pili mukomari, sawa. Wa tatu mwiritsa, hapo tulisimama kidogo kwa sababu kukhu alipapasa gome lake akasema huu ni dawa ya wazee wakikojoa kwa shida, na kweli, gome la mwiritsa linanunuliwa hadi ng'ambo kwa dawa ya tezi dume, na lilibanduliwa Afrika nzima hadi mwaka 1995 mti huo ukawekwa kwenye orodha ya kimataifa ya kudhibiti biashara. Jina la kisayansi ni Prunus africana. Kijana wa boda akasema yeye ameishi na babu mwenye hiyo shida na hakujua dawa iko hapa mjini inamwangalia, nikamwambia tafadhali usirudi na panga, babu apelekwe kliniki. Akacheka lakini nilikuwa namaanisha.

Halafu tukafika kwenye murembe.

Mimi nikaandika "Murembe" tayari hata kabla ya kuuliza. Mzee mmoja, Mbukusu wa kutoka upande wa Kimilili, akachungulia daftari akasema hapana, ni kumurembe. Mwenzake wa kutoka Mumias akasema nyote mmekosea, ni omurembe. Kukhu hakusema kitu, akaketi kwenye jiwe. Nikasema kwa haraka zangu, wazee, hii ni tofauti ya kichwa cha neno tu, tuandike Murembe watu wataelewa. Eeh. Yule mzee wa Kimilili alinitazama akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, bustani ina jina la Mbukusu, na wewe unataka kumwandikia mti wake Kiisukha?"

Hapo nikanyamaza. Ni kweli Masinde Muliro alikuwa wa kwao, na ni kweli kwamba hapa Kakamega ukisema "Kiluhya", lugha yenye lahaja nyingi, kila mtu anasikia chake. Tulikaa pale chini ya ule mti karibu saa nzima. Wazee wakaanza kueleza na mimi nikaacha kuandika majina nikaandika mambo. Kwamba zamani watu wakishindwa kwenye kesi, mmoja akikana na mwingine akishikilia, walipelekwa kwenye murembe kuapa, unachoma mti kwa mkuki, na aliyeapa uongo hakuna aliyetaka kuwa karibu naye. Kwamba hakuna mtu mwenye akili aliyeupasua kuni. Kwamba ukikata tawi lake ukalichomeka ardhini kama kigingi linashika, ndio maana walipandia mipaka, na mpaka wa murembe hakuna wa kuuhamisha usiku.

Kukhu ndipo akafungua mdomo akaniuliza mimi kama niliwahi kuzunguka mti huu. Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa na miaka kama saba, matubwitubwi yamenivimbisha mashavu yote mawili, mama akanifungia kuni kidogo kichwani na nikaambiwa nizunguke murembe wa jirani, nizitupe pale chini na ugonjwa wangu, nikimbie hadi nyumbani nisigeuke nyuma hata nikiitwa. Nilikimbia nikilia. Kukhu akasema, "Na ukapona." Nikasema nikapona. Mwalimu mstaafu akasema matubwitubwi hupona yenyewe baada ya wiki moja au mbili, mti au bila mti, kukhu akamwambia basi na wewe ungeyaacha yako yapone bila kumsumbua mama yako.

Tumekubaliana hivi: kibao cha murembe kitaandikwa majina yote matatu kwa ukubwa sawa, Murembe, Kumurembe, Omurembe, na chini orembe la Wajaluo, na Kiswahili mwamba ngoma. Na si huo tu, ni kila mti wenye majina zaidi ya moja. Vibao vitakuwa vikubwa kuliko tulivyopanga na bajeti imepasuka.

Kuna mti mmoja karibu na njia ya katikati ambao hakuna aliyeutambua. Kukhu alinusa jani, akalitafuna, akatema. Akasema tungoje utoe maua.

Februari 22

Vibao 24 vya kwanza viko juu. Fundi wa jua kali alitukatia mabati ya alumini ya yale mabaki ya kutengenezea sufuria, akagonga herufi kwa patasi moja moja. Vizuri sana, vinang'aa ukiwa hata mbali. Tulivipigilia kwa misumari ya inchi mbili.

Machi 8

Vibao 15 vimeibwa. Skrepu, yaani vya kuuzwa kama chuma chakavu. Nani hatujui na sitaandika namna tunavyodhani.

Vijana waliniangalia mimi kama kwamba niko na jibu. Nilikuwa nimeishiwa, nikakaa kwenye benchi. Yule mpiga picha wa bustani, yule anayezunguka na kamera shingoni na bahasha ya picha za watu ambao hawakurudi kuzichukua, akaja akakaa kando yangu akasema kitu ambacho nilipaswa kumuuliza tangu Januari. Yeye ako hapa kila siku kuanzia saa tatu hadi giza, kwa miaka, na sisi tumekuja tumetundika vitu vya chuma bila kumwambia hata habari ya asubuhi. Angetuambia siku ya kwanza kwamba hapa hata mfuniko wa bomba haukai. Nilimwomba msamaha na leo ameingia kwenye grupu.

Halafu mwalimu mstaafu akamaliza na ya misumari. Alinipeleka kwenye mti mmoja wa vile tisa vilivyobaki, akanionyesha gome limeanza kufura kuzunguka kichwa cha msumari. Mti unanenepa kila mwaka kwa nje, kibao kilichobanwa na msumari hakisogei, kwa hivyo mti unakimeza, na siku moja mtu atakuja na power saw, mnyororo ugonge chuma umrukie usoni. Tumeng'oa misumari yote. Mashimo tumeyaacha wazi yajifunge yenyewe.

Machi 22

Vibao vipya ni vya mbao. Seremala ametupa vipande vya lusiola vilivyobaki kwenye kazi ya milango, bure, tunalipia msasa na vanishi tu. Herufi tunachoma kwa chuma cha moto, nondo nyembamba iliyochongwa ncha, unaiweka kwenye jiko la makaa hadi iwe nyekundu halafu unaandika polepole na moshi unakupanda machoni. Mimi mkono wangu unatetemeka, R yangu inatoka kama K. Msichana mmoja wa kidato cha pili ameandika vibao sita bila kosa, sasa ndiye mwandishi mkuu.

Hatupigilii tena. Tunakata tyubu ya baiskeli iliyotoboka kuwa ukanda, tunapitisha kwenye matundu mawili ya kibao na kuufunga nyuma ya shina ukiwa na nafasi ya vidole viwili, ule mpira unavutika mti ukinenepa, na mara moja kwa mwaka tutapita kulegeza. Kwa mwizi wa skrepu mbao na tyubu kuukuu si kitu.

Ule mti wa njia ya katikati tumeutundikia kibao kitupu.

Aprili 12

Mvua imefika, ile ya kwetu, asubuhi jua, saa nane wingu, saa tisa imemwagika. Leo ilikuwa siku kubwa ya kupanda miti na sijui niseme nini.

Kampuni moja ilituambia italeta miche 60, tishati na spika. Tukafurahi. Walikuja watu zaidi ya mia, na mabango, na mtangazaji mwenye sauti. Kila mtu alitaka kupiga picha na mche. Kufikia saa sita na nusu walikuwa wamepanda yote na kuondoka, nyasi za upande wote wa chini zimekanyagwa zikawa tope, chupa za maji kila mahali, na sisi tisa tulibaki kuokota hadi ile mvua ikatukuta. Ilikuwa ya mawe. Tulijificha chini ya paa la mama wa chai, akatupa chai na mandazi kwa deni na hakuna aliyeongea.

Aprili 26

Nimepita kuangalia miche. Mitano imelala. Nikang'oa mmoja kwa mkono, ukatoka kama kizibo, na nikaona: karatasi ya nailoni ya kitalu bado imeuvaa. Hakuna aliyeutoa karatasi. Mizizi ilikuwa imejizungusha mle ndani kama tambi kwenye bakuli, meupe, haijagusa udongo wa Kakamega hata siku moja. Tukachimbua mingine. Zaidi ya nusu iko hivyo. Na shimo kina cha kiganja.

Tumefanya kazi hadi jioni watu wanne. Toa mche, chana karatasi kwa wembe, fungua mizizi taratibu kwa vidole, ile iliyojizungusha sana kata ncha, chimba hadi kwenye kiwiko, udongo wa juu kando na wa chini kando, changanya wa juu na samadi urudishe kwanza, panda, kanyaga kidogo, funika na nyasi zilizokatwa lakini zisiguse shina. Mpiga picha alikuja akaweka kamera yake kwenye mfuko akachukua jembe. Wale wawili wa benchi la tatu, wapenzi wa kila Jumapili nadhani kumbe hata Jumamosi huja, wakauliza tunafanya nini, dakika kumi baadaye msichana alikuwa ameshika wembe.

Nimeandika kwenye grupu leo usiku na narudia hapa. Hatutachukua tena siku kubwa. Mtu akitaka kutuletea miche atuletee mitano na arudi mwezi unaofuata kuiangalia. Najua kuna wanaosema tunafukuza wafadhili na labda ni kweli, lakini mche si maua ya harusi.

Mei 10

Miche hai 34 kati ya 60. Ile tuliyotoa karatasi mingi imeshika.

Leo tumejifunza mbolea ya maua amalulu, yale ya njano machungu yanayoota kando ya kila barabara huku na watu wanadhani ni takataka, Wajaluo wanayaita akech. Unakata majani na vishina laini, unajaza nusu ya ndoo, unaweka maji, unafunika, siku kama kumi na nne unakoroga mara kwa mara. Inanuka, sitadanganya. Ila majani yale yana naitrojeni nyingi na fosforasi pia, na mashamba mengi ya magharibi hii shida yake ni fosforasi, wakulima wa pande za Maseno wamechanganya amalulu na udongo kwa miaka na watafiti. Tunapunguza kwa maji, kopo moja kwa mawili, tunamwagia pembeni mwa mche.

Watoto walikuwa kumi na wawili. Wanapita wakisoma vibao kwa sauti. Mmoja alisoma "Kumurembe" akamwambia mwenzake ona, wameandika vile nyanya yangu huongea.

Juni 14

Mvua siku nzima. Watu watatu. Tumelegeza tyubu mbili tukaenda nyumbani.

Julai 12

Isukuti. Nilikuwa nimeingoja hii.

Kundi la vijana na wazee kutoka upande wa Isukha walikuja, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pembe ya swara na njuga za chuma. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na mzee wao alisema hilo kwa Kiswahili safi kabla ya kuanza, halafu akasema orodha haipigi ngoma, mikono ndiyo inapiga, vijana sogeeni.

Shida ikawa unyevu. Usiku mvua ilinyesha na ngozi zilikuwa zimelegea, ile ndogo ilitoa sauti kama kugonga boksi. Nyumbani wangewasha nyasi kavu na kuzipasha, lakini moto ndani ya bustani tumejikataza wenyewe. Wakatazamana. Yule mama wa mahindi choma pale lango akasema leteni. Akatoa mahindi yake kwenye jiko, akayapanga pembeni kwenye gazeti, mpigaji akainamisha ngoma ndogo juu ya makaa, anazungusha polepole, anagonga kwa kidole, anasikiliza, anazungusha tena. Tulikuwa tumezunguka jiko watu thelathini hivi na kimya kabisa. Mara ile sauti ikabadilika, ikawa kali, tii, na mama wa mahindi akapiga kigelegele yeye wa kwanza.

Sitaeleza ngoma yenyewe. Mabega ya kukhu wa Shinyalu yalijieleza, alisimama na zile leso mbili na hakuketi tena hadi mwisho.

Walipopumzika niliwapeleka kwenye murembe nikamwonyesha mzee wao lile jina la Kiswahili, mwamba ngoma. Akalisoma mara mbili. Kuwamba ngoma ni kazi yake ya maisha na hakuwa amejua kwamba kuna mahali watu waliupa mti huo jina la kazi hiyo.

Agosti 9

Leo ilikuwa zamu ya Muliro mwenyewe, kwa sababu Alhamisi ijayo ni tarehe 14 Agosti, siku aliyofariki mwaka 1992 pale uwanja wa ndege Nairobi akitoka London, akiwa na miaka 70. Mwalimu mstaafu alizungumza chini ya mukomari, bila mikrofoni, watu kama arobaini.

Alianza na 1957, uchaguzi wa kwanza ambao Waafrika walipiga kura kuchagua wa kuwaingiza katika baraza la kutunga sheria, viti vinane nchi nzima, na Muliro, mwalimu aliyesomea Cape Town, akamshinda W. W. W. Awori hapa Nyanza Kaskazini. Wengi hatukujua hata kwamba huku kuliitwa Nyanza Kaskazini. Halafu 1975, akiwa waziri, akapiga kura kuunga mkono ripoti ya bunge kuhusu mauaji ya mbunge J. M. Kariuki na akafutwa kazi kwa ajili hiyo. Mwalimu alirudia hilo polepole kwa vijana, kwamba alijua kabisa kitakachompata kabla hajainua mkono. Na 1991, na Oginga Odinga, Martin Shikuku wa Butere na wengine, wakaanzisha FORD, vuguvugu la kudai vyama vingi, na kufikia Desemba mwaka huo kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa na vyama vingi vikarudi.

Kijana mmoja akauliza hii yote inahusiana vipi na miti. Nilipenda alivyojibiwa. Mwalimu alitaja Uhuru Park ya Nairobi, 1989, serikali ikitaka kujenga ghorofa 60 ndani ya bustani na Wangari Maathai akasimama akakataa, akatukanwa bungeni, na ghorofa halikujengwa. Akasema mnakaa kwenye nyasi hizi leo bila kulipa na bila kuuliza mtu, mnadhani nyasi hubaki zenyewe?

Baada ya hapo watu ishirini na wawili waliandika majina kwa zamu ya kumwagilia Desemba hadi Februari, wakati wa kiangazi, ambapo ndipo miche hufa. Mpiga picha ndiye atashika ratiba, kwa sababu ndiye peke yake anayekuwa hapa kila siku. Wale wa benchi la tatu wamechukua Jumapili zote.

Agosti 30

Kuna mtu amekwangua gome la murembe, kipande cha kiganja. Amekwangua kwa adabu, upande mmoja tu na si kuzunguka, ila wakija watano hivyo mti utakwisha, chakula kinachoshuka kutoka kwa majani hupita chini tu ya gome. Hatukuweka onyo. Tumekata matawi manne ya unene wa mkono, tumeyaacha kivulini siku chache utomvu ukauke na leo tumeyachomeka kando ya ua wa nje. Mwenye kuhitaji dawa atakuta wa kwake pale.

Septemba 13

Vigingi vitatu kati ya vinne vimechipua.

Kile kibao kitupu kimeandikwa kwa chaki na watu wasiojulikana, majina sita tofauti, moja ni la mpenzi wa mtu. Mvua itayafuta. Mti haujatoa maua.

Tulikuwa tunakusanya majani pale chini karibu saa nne wakati mama mmoja aliingia lango la juu ameshika mtoto mkono, mvulana wa miaka sita hivi, amefungwa leso kuanzia kidevuni hadi utosini. Akauliza mwenye reki wa kwanza aliyemkuta, ule mti ulioandikwa uko wapi. Ameambiwa na shemeji yake aliyesoma kibao. Wamehamia mjini kutoka Malava na katika ploti yao hakuna mti wowote, ni simiti tu. Nikamwuliza kama mtoto ameonwa na daktari, akasema jana, amepewa dawa ya maumivu na kuambiwa apumzike, lakini nyanya yake amepiga simu mara tatu tangu asubuhi.

Alikuwa amebeba kuni zake kwenye mfuko wa unga, vijiti saba vimefungwa kwa uzi wa sufi. Akamwekea mtoto kichwani. Mtoto alituangalia sote na reki zetu, akaona haya. Kukhu wa Shinyalu akamwambia mwanangu zunguka, hakuna anayekutazama, na sote tukageuka tukaangalia barabara. Tukasikia vijiti vikianguka, halafu miguu inakimbia kwenye majani makavu, inapita nyuma yetu, na mama yake akimfuata, "usigeuke, usigeuke!" hadi nje ya lango.

Tumefagia bustani yote leo isipokuwa pale. Vile vijiti saba hakuna aliyevigusa.